Sanduku la Meneja na Nyuzi Arobaini

Majina sitataja. Nimekatazwa na mke wangu, ambaye bado anataka tuishi huku. Lakini vyeo nitavitaja, na mwenye cheo akisoma atajijua, kama siku hizi anasoma kitu kisicho na muhuri.

Wa kwanza ni meneja. Wa pili ni fundi wa kompyuta kutoka Nairobi. Wa tatu ni sekretari, ingawa huyo namtaja kwa huruma, kwa sababu kosa lake alilifuma kwa mikono yake mwenyewe akidhani anatenda wema. Kuna pia fundi wa kuchomelea vyuma pale Rongai, lakini yeye aliambiwa atengeneze sanduku, akatengeneza sanduku. Siwezi kumlaumu mtu kwa kufanya kazi yake vizuri.

Mimi nilikuwa mtu wa kikaushio. Ghala letu lilikuwa likipokea mahindi ya wakulima, tunayapima kwenye mizani, tunayakausha, tunayaweka. Kikaushio ni mashine ndefu kuliko nyumba ya ghorofa mbili. Chini inachoma dizeli, inapuliza hewa moto, na mahindi yanashuka polepole katikati ya hiyo hewa. Kazi yangu kwa miaka kumi na moja ilikuwa kukaa mbele ya kipimo cha joto, uso wa mviringo wenye mshale mwekundu, na kuhakikisha mshale hauendi mahali pasipofaa. Shule niliachia darasa la nne. Kiingereza kinanipita hivi hivi kama gari la harusi ya watu wengine. Lakini kile kiduara kidogo kinachokaa juu ya namba, na ile herufi C ubavuni mwake, hivyo navijua kuliko ninavyowajua shemeji zangu. Mahindi ya kusaga yanavumilia. Mahindi ya mbegu ukiyavusha nyuzi arobaini umeyaua, na hayatakuambia. Yanabaki meupe, yanang'aa, unayafunga gunia, mkulima anapanda, halafu anapalilia udongo mtupu akikutaja kwa jina.

Kompyuta zililetwa kabla ya kura ya elfu mbili na saba. Tatu: moja ya mizani, moja ya sekretari, moja ya meneja, ambayo aliitumia kucheza karata. Zote ziliunganishwa na kitu kidogo kama kitabu cha nyimbo, kina taa za kijani zinazopepesa mbele na matundu membamba ubavuni. Swichi, walikiita, ingawa hakiwashi taa ya mtu. Lori likipanda mizani, uzito unaenda wenyewe mpaka ofisini kupitia hicho kitu. Fundi wa Nairobi alikiweka kwenye rafu ya mbao kwenye chumba cha mizani, wazi, kikafanya kazi Novemba nzima bila kelele. Huyo fundi alikuwa kijana wa tai, simu mbili, aliniita "buda", yaani mzee kwa lugha ya mtaani, kabla hajaniuliza habari ya asubuhi.

Kisha Januari ikaja, na sitaieleza Januari. Walioiona waliiona. Nyumba yangu iliungua, ng'ombe wangu alikwenda na watu ambao nilikuwa nikisalimiana nao, na mimi, mke wangu na binti zetu wawili tukajikuta kwenye hema pale uwanja wa maonyesho Nakuru, tukipanga foleni ya uji. Nilikuwa nimekaa hapo wiki kadhaa meneja akanifuata na pikapu. Si kwa kunipenda. Mahindi ya mwaka ule yalikuwa yamekaa shambani kwa sababu ya vita, yalikuwa yameanza kuletwa yakiwa yamenyeshewa, na hakuna mwingine aliyejua kile kikaushio.

"Mzee," aliniambia, amesimama mbali na hema kama linaambukiza, "kazi iko. Na kuna chumba nyuma ya stoo. Ukiwa kazini, chumba ni chako."

Nilisikia maneno yote mawili, lile la chumba na lile la ukiwa kazini. Chumba kilikuwa cha mabati, mlango mmoja, dirisha hakuna. Mke wangu alifagia, akatandika, akakaa chini na kulia kwa furaha. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tumefikia.

Niliporudi nilikuta meneja amepatwa na ugonjwa wa kufuli. Kila mtu alikuwa nao mwaka huo, lakini yeye alizidi. Madirisha ya ofisi alikuwa ameyatia vyuma, bomba la maji limetiwa kufuli, hata choo cha wafanyakazi kilikuwa na kufuli na ufunguo ukikaa kwa askari wa geti, aliyekuwa akikuuliza unaenda kufanya nini huko. Swichi nayo akaiona kwenye rafu, wazi, imekaa kama inangoja mwizi. Akaagiza sanduku.

Fundi wa kuchomelea alilileta kwenye mkokoteni. Bati nene, pembe zote zimechomelewa, mlango wenye kufuli mbili, na tundu moja tu chini la kupitisha nyaya. Meneja alilizunguka, akaligonga kwa kidole.

"Hata panya haingii hapa," alisema.

"Hata hewa haingii, bosi," fundi akajibu, naye akijisifu.

Walilipaka rangi nyeusi iliyobaki baada ya kupaka matangi. Wakalitundika kwenye ukuta wa chumba cha mizani, ule ukuta wa nyuma, kwa sababu ndio uliokuwa imara. Ulikuwa imara kwa sababu upande wa pili ulikuwa umeshikilia kikaushio changu.

Fundi wa Nairobi aliitwa kuhamisha swichi. Alifika saa nne asubuhi na hakuzima gari lake. Naelewa, barabara ile ilikuwa bado na mawe yaliyosukumwa pembeni tu, na alikuwa na haraka ya kurudi kabla hajakutana na mtu wa kumwuliza anatoka wapi. Aliliangalia sanduku. Aliuweka mkono ukutani, kikaushio kikiwa kwenye majaribio upande wa pili, akauondoa. Nilimwona, na ndiyo maana yeye ni wa pili kwenye orodha yangu na si wa tano. Akachomeka nyaya, taa za kijani zikapepesa, akaandika kwenye karatasi kwamba iko sawa, akapiga sahihi, akaondoka.

Jioni sekretari akaleta kitambaa.

Nieleze hapa kwa wasiokulia kwetu. Nyumbani kwetu kitu cha umeme hakikai uchi. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, na kama una friji basi ina kitambaa juu na kingine mlangoni. Mwanamke anayeacha redio bila kitambaa anaulizwa kama ana shida. Sekretari alikuwa amefuma chake kwa uzi wa njano na mweupe, maua manane, kikiwa kimewekwa wanga mpaka kinasimama. Chini yake akatandika nailoni ya vumbi, kwa sababu ghala ni vumbi. Akaifunika swichi vizuri, akaingiza pembe za kitambaa kama anayemlaza mtoto, na meneja akafunga kufuli mbili.

"Sasa imekaa kama kitu ya watu," alisema sekretari.

Na mimi, niseme ukweli, niliona amefanya vizuri.

Kesho yake nilikiwasha kikaushio kwa mahindi yale mabichi. Saa nane mchana mtandao ukafa. Mizani ikapima, lakini uzito haukufika ofisini. Karani wa mizani akapiga kelele, meneja akapiga simu, wakarudi kwenye kuandika kwa kalamu. Asubuhi iliyofuata mtandao ulikuwa mzima kama haujawahi kuumwa. Saa nane ukafa tena. Siku ya tatu hivyo hivyo, na siku ya nne na ya tano. Jumapili hatukukausha, na mtandao ulifanya kazi mchana kutwa kwa ajili ya watu ambao hawakuwepo.

Wenye shule walitafuta sababu. Meneja alisema ni umeme. Karani akasema ni minara ya simu. Askari wa geti, ambaye alikuwa na maoni juu ya kila kitu isipokuwa geti, akasema kompyuta hula mchana na kulala. Halafu, siku moja, meneja akasema neno ambalo wengine walikuwa wakingoja mtu wa cheo alitangulize.

"Kuna mtu anaizima," alisema. "Kuna mtu hapa ndani anataka malori yatoke bila kuonekana."

Hakuna aliyeniangalia. Waliangalia vidole vyao, ukuta, dari. Ndipo nikajua ni mimi. Nilikuwa mtu wa kambi. Nilikuwa nimepoteza kila kitu, na mtu aliyepoteza kila kitu, kwa hesabu za meneja, lazima awe anaiba ili apate tena. Na chumba cha mizani kiko hatua sita kutoka kiti changu.

Sekretari peke yake hakuamini kwamba ni mtu. Yeye aliamini ni pepo. Alisema mahali pale palipita mambo Januari na hapajaombewa. Alimleta pasta wake siku ya Alhamisi, saa nane na nusu, mtandao ukiwa umeshakufa. Meneja hakutaka, lakini hakuwa na wazo lingine, kwa hivyo akafungua kufuli mbili, kwani pasta alisema hawezi kuweka mikono juu ya kitu kilichofungiwa. Sekretari akaondoa kitambaa chake kwa heshima. Pasta akaweka mikono, akaitoa haraka, akasema, "Roho huyu ni wa moto." Kisha akaomba. Aliomba kwa urefu. Aliwaombea wenye mizani, wenye malori, wenye mahindi, na nchi. Mlango wa sanduku ulikuwa wazi muda wote, na upepo wa uwanjani ulikuwa ukiingia kwa mlango wa chumba. Alipofika kwenye nchi kwa mara ya pili, taa za kijani zikapepesa.

"Haleluya!" sekretari alipiga kelele.

Hata karani, ambaye ni mtu wa kucheka dini, alivua kofia. Wakamshukuru pasta, wakarudisha nailoni, wakarudisha kitambaa, wakafunga kufuli zote mbili. Saa kumi mtandao ukafa.

"Imani yenu ni ndogo," sekretari alituambia, akinyanyua mkoba wake.

Mimi sikufikiria imani. Nilikuwa nimekwama kwenye lile neno la pasta, roho wa moto. Nilirudi chumbani kwangu nikamkuta mke wangu anachagua maharagwe kwenye katoni. Ilikuwa katoni ya swichi. Aliiokota Februari kwenye takataka za ofisi kwa sababu katoni nzuri haitupwi, na ndani yake kulikuwa na karatasi ambayo alikuwa ameitandika chini ili maharagwe yasipite kwenye ufa.

"Toa kidogo," nikamwambia.

"Utayamwaga."

"Mama, toa."

Ilikuwa karatasi ya lugha nyingi, na mimi sijui hata moja ya zile. Lakini ilikuwa na picha. Kisanduku kidogo na mishale ya upepo ikiingia ubavu mmoja na kutoka wa pili. Picha nyingine, kisanduku kimefunikwa, na juu yake alama kubwa ya X. Nilimfikiria sekretari na maua yake manane. Na chini kabisa, katikati ya maneno yasiyonihusu, nikaona rafiki yangu wa zamani: kiduara kidogo, na C ubavuni. Sifuri mpaka arobaini.

Nilikaa chini. Kitu cha kutoka ng'ambo, kilicholetwa na mtu wa tai, kilikuwa na mpaka mmoja na mahindi ya mbegu.

Ingefaa niende kwa meneja na ile karatasi. Mke wangu alisema hivyo. Lakini mimi nilimjua meneja. Angesema, mzee, tangu lini unasoma? Nikaona nipeleke ushahidi ambao hauhitaji shule. Nilikuwa na fimbo yangu ya joto, chuma chembamba chenye ncha chini na kipimo juu, ile tunayochoma kwenye gunia kujua kama mahindi yanachemka ndani. Siku iliyofuata, saa nane kasoro kidogo, karani alipokwenda kula, niliingia chumba cha mizani, nikapiga magoti, na nikaipitisha fimbo kwenye lile tundu la nyaya. Mshale ukapanda. Hamsini. Hamsini na tano. Ulisimama kwenye sitini na mbili. Kwa joto hilo mbegu ingekuwa imeshazikwa.

"Umeshikwa!"

Alikuwa askari wa geti. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya sanduku la meneja, nimeshika chuma kirefu, na ncha yake iko ndani. Na wakati huo huo, kwa sababu Mungu ana utani wake, taa ya kompyuta ya mizani ikaonyesha kwamba mtandao umekufa.

"Bosi! Bosi! Kuja uone! Amedunga!"

Meneja alikuja mbio, karani nyuma yake na chapati mkononi.

"Mzee, nilikutoa kambini," alisema meneja. Alikuwa karibu na kulia, nadhani kwa raha ya kuwa sahihi. "Nilikutoa na gari yangu."

"Bosi, soma hapa. Sitini na mbili."

"Sitaki hesabu zako."

Nilifungiwa kwenye stoo ya magunia hadi mwenye ghala afike kutoka mjini. Mwaka ule nchi nzima ilikuwa inaunda tume, kwa hivyo na sisi tuliunda yetu: meneja mwenyekiti, karani mwandishi, askari wa geti shahidi. Nje nilisikia mke wangu akipanga vitu. Mwanamke akipanga vitu vya kuhama unamsikia tu, sufuria zinaingia moja ndani ya nyingine. Alikuwa ameanza kufunga kurudi kwenye hema, hata kabla sijahukumiwa.

Mwenye ghala alikuwa mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Nakuru, mfupi, mpole kwa sauti na si kwa kingine. Alikaa kwenye kiti cha meneja. Karani akasoma kwamba nimekutwa na chuma chenye ncha nikihujumu mali.

"Hii ni nini?" mzee aliuliza, akiishika fimbo.

"Ya kupima joto ya mahindi, mzee," nikasema.

"Najua. Niliinunua mimi. Ilikuwa inafanya nini kwa sanduku?"

Nikatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa bado ina alama za maharagwe. Nikamwonyesha mishale, nikamwonyesha ile X, nikaweka kidole kwenye arobaini. Kisha nikamwambia kuhusu ukuta, rangi nyeusi, kitambaa, na pasta. Nilipofika kwenye habari ya pasta alifunga macho.

Alimpigia simu fundi wa Nairobi, akaiweka mezani tusikie wote.

"Ile kitu inazima kila siku saa nane," mzee alisema. "Imefungwa kwa sanduku ya chuma."

"Aaa, hapo itazima, lazima," fundi akasema, bila hata kufikiri. "Hiyo inataka hewa. Ikipata joto inajizima yenyewe isiungue. Nilisema."

"Ulisema kwa nani?"



"Iko kwa ile karatasi," akasema. "Ilikuwa ndani ya katoni."

Mzee aliiangalia karatasi yenye alama za maharagwe, akamwangalia meneja, akakata simu. Sanduku likafunguliwa, kitambaa kikatolewa, mlango ukaachwa wazi, sote tukasimama kungojea kama watu wa mazishi. Pasta hakuwepo. Taa zikapepesa zenyewe.

"Nyinyi wote mmesoma," mzee aliwaambia, "na huyu ndiye alisoma." Akaingia kwenye gari lake, akarudi mjini.

Hapo ndipo ningemaliza kama ningekuwa mtu mwenye bahati. Lakini mzee aliondoka na meneja akabaki, na ripoti ni ya anayebaki. Iliandikwa kwamba swichi iliathiriwa na joto jingi lililotoka kwenye kikaushio, ambacho kinaendeshwa na mimi. Sanduku halikutajwa. Ukuta uliitwa eneo husika. Kitambaa kiliitwa kifuniko. Nilipewa barua ya onyo, kwa kuzalisha joto na kwa kuingiza chombo kusikoruhusiwa. Nilimwuliza karani kama ningeweza kukausha mahindi kwa baridi. Akasema nipige sahihi tu, mzee, chumba kitabaki. Nikapiga. Mke wangu akazitoa sufuria moja kutoka ndani ya nyingine.

Swichi ilihamishiwa ofisi ya meneja. Ilipewa meza yake, dirisha lililoondolewa vyuma, na feni mpya inayogeuza shingo. Feni haikuwahi kununuliwa kwa ajili ya mtu yeyote pale, sembuse kwa sisi wa mabati, ambao joto letu halijaandikwa kwenye karatasi ya lugha yoyote. Sanduku jeusi nililiomba. Nililitoboa matundu, mke wangu akafugia vifaranga.

Na kwa sababu mzee alikuwa ameagiza joto lipimwe kila siku na mtu anayejua, kazi hiyo nikapewa mimi. Kila saa nane mchana, jua likiwa limekaa juu ya bati, nilikuwa naacha kikaushio dakika chache, nabisha hodi kwa meneja, naingia na fimbo yangu, navuta kiti mbele ya feni, na naisubiri.

"Bado tu, mzee?" meneja angeuliza, jasho likimtiririka, kwa sababu feni ilielekezwa kwenye swichi na mimi nilikuwa katikati.

"Bado, bosi," ningesema. "Mshale haujatulia. Hii kitu haitaki haraka."

Mshale ulikuwa umetulia kitambo kwenye ishirini na sita.